UNAKULA NA NANI?

  

Kijana mwenzangu, karatasi hii haikufika mkononi mwako kwa bahati tu. Labda umepewa hapa uwanjani kwenye mkutano. Labda umeiokota stendi. Labda kuna mama amekufungia maandazi ndani yake. Haidhuru! Futa mafuta, soma mpaka mwisho, halafu mpe mwenzako.

Leo sianzi na nguo zako. Sianzi na nywele zako wala muziki unaousikiliza. Naanza na kitu ambacho wewe na mimi tunakipenda sawasawa, nacho ni CHAKULA. Watu wengine wanadhani mhubiri hana habari na mambo ya tumbo. Si kweli. Mungu aliyekuumbia roho ndiye aliyekuumbia na ulimi, na utamu akauweka Yeye.

Basi nijibu. Ni chakula gani unachokipenda kuliko vyote?

CHAKULA CHETU NI KITAMU

Kama wewe ni wa Kyela, jibu lako nalijua. Wali! Tena si wali wowote, ni ule wa kwenu, ambao ukichemka tu hata nyumba ya tatu wanajua leo kwa jirani kuna nini. Pembeni pana samaki mbasa wa Ziwa Nyasa, au usipa waliokaangwa wakakauka vizuri.

Kama wewe ni wa Tukuyu, utasema ndizi. Ndizi za kupikwa, zimelala na maharage, kikombe cha maziwa kiko karibu, na mvua inapiga bati. Kama unatoka milima ya Uporoto, utanitajia viazi mviringo vinavyotoa mvuke. Kama ni wa Iringa, utasema ugali wa moto na uyoga wa porini, ule unaookotwa mvua zikianza, umeungwa na karanga. Wa Mafinga atasema hakuna kitu duniani kama chai ya maziwa asubuhi ya mwezi wa sita, wakati baridi inauma masikio na ukungu bado uko mlangoni.

Na wewe uliyekulia mjini, pale Mwanjelwa au Kihesa, utacheka useme, "Mtumishi, mimi na chipsi mayai tu." Haya, sawa. Hata hizo ni viazi vya hukohuko milimani.

Sasa swali la pili, na hili ndilo lililonifanya nichukue kalamu. Kumbuka siku moja ambayo chakula hicho kilikuwa kitamu kuliko siku zote. Fumba macho kidogo. Siku hiyo ULIKUWA NA NANI?

Nimewauliza vijana wengi swali hili katika mikutano ya Injili. Sijampata hata mmoja aliyenijibu, "Nilikuwa peke yangu." Huyu atasema alikuwa na bibi yake jikoni, moshi unawatoa machozi wote wawili. Yule atasema walikuwa wanafunzi sita bwenini, sufuria moja, wanagombania ukoko. Mwingine atasema ni siku kaka yake aliporudi nyumbani baada ya miaka mingi, mama akamkamata yule jogoo aliyekuwa akisubiri sikukuu.

Umeona? Chumvi ni ileile. Unga ni uleule. Kilichoongezeka ni WATU.

Kwa hiyo nakuuliza leo, bila kukuonea haya: wewe siku hizi unakula na nani?

HAKUNA ALIYEWAHI KULA PEKE YAKE

Kuna kijana atanijibu, "Mimi najitegemea. Nakula jasho langu. Simwombi mtu." Hongera kwa kufanya kazi, hata Biblia haimsifu mvivu. Lakini hebu tazama vizuri sahani yako.

Wali huo umetoka Kyela, au umetoka Usangu kule Mbarali, ambako kuna mtu alisimama kwenye tope akipandikiza mpunga. Nyanya zimetoka Ilula. Vitunguu vimetoka Ruaha Mbuyuni. Samaki ametoka bwawa la Mtera, kuna mvuvi alikesha. Mafuta ni ya alizeti, labda ya Singida. Sukari ya chai yako ni ya Kilombero, majani ni ya Rungwe au ya Mufindi, na yalichumwa na mama aliyeamka kabla ya jua. Kisha dereva akapakia, akapanda Kitonga usiku na mzigo mzito. Halafu wewe unakaa pale kwa mama ntilie unasema, "Nakula changu!" Chako kipi?

Hata mimea yenyewe ni migeni. Mahindi tunayojivunia nayo asili yake ni Mexico. Viazi mviringo vilitoka milima ya Andes kule Amerika ya Kusini. Ndizi zilitoka Asia. Kabla ya mahindi kuenea, wazee wetu wa nyanda hizi walisonga ulezi na mtama. Kwa hiyo ugali wenyewe ni mgeni aliyekaribishwa akazoea nyumbani!

Na maji je? Maji ya mpunga wa Usangu ni maji ya mito inayoingia Ruaha Mkuu. Mto huohuo unapita katika Hifadhi ya Ruaha kuwanywesha tembo na viboko, unaingia Mtera, unashuka Kidatu, unazungusha mitambo ya umeme. Kuanzia mwaka 1993 mto huu ulianza kukauka wakati wa kiangazi ndani ya hifadhi, kwa sababu maji mengi huchukuliwa huku juu kabla hayajafika kule chini. Umeona jambo hili? Mtu wa juu akinywa bila kumkumbuka wa chini, kiboko anabaki kwenye tope, na taa ya mtu wa mbali inafifia.

Ndivyo Mungu alivyoifanya dunia. Alituumba tukiwa na tumbo ili tuhitajiane. Hata mfalme hawezi kula bila mkulima.

WAZEE WETU WALILIJUA HILI

Mimi si msomi mkubwa. Nimesoma darasa la saba na kozi ya Biblia. Lakini nimekaa na wazee, na kuna jambo la Wanyakyusa nataka ulijue.

Zamani kule Rungwe, mtoto wa kiume akifika miaka kumi hivi, alitoka kijijini kwa baba yake, akaenda na wenzake wa rika lake wakajenga kijiji chao. Walilala huko. Lakini chakula walirudi kula kwa mama zao. Tena hawakwenda mmoja mmoja! Walikwenda kundi zima. Leo wanakula kwa mama wa huyu, kesho kwa mama wa yule, hivyo hivyo wakizunguka. Kila mama alikuwa na watoto wengi, na kila mtoto alikuwa na mama wengi.

Raha ile ya kukaa pamoja, kula pamoja na kuzungumza kama marafiki waliiita UKWANGALA. Wazungu wawili, Godfrey Wilson na mke wake Monica, walifanya utafiti kwa Wanyakyusa kati ya mwaka 1934 na 1938. Mwaka 1951 Monica akatoa kitabu juu ya vijiji hivyo vya marika, na jina alilokipa kwa Kiingereza lina maana hiyohiyo ya ukwangala, yaani kuwa na wenzako wema.

Wazee wale walikuwa wanasema pia kwamba mchawi anasukumwa na uroho, anatamani nyama na maziwa ya wenzake. Mimi sikuletei habari za uchawi hapa, maana damu ya Yesu imeushinda. Lakini tazama waliona nini: waliona kwamba uroho na giza ni ndugu. Mtu anayefunga mlango ili ale, moyoni mwake taa imezimika.

Vijiji vya marika vimekwisha. Siwezi kukuambia urudi kuishi miaka ya 1930. Lakini njaa ya ukwangala haikwisha. Bado iko ndani yako.

Ndiyo maana unakwenda kilabuni. Usinidanganye kwamba ni kiu! Nyumbani maji yapo. Unafuata watu. Unafuata kile kikombe cha ulanzi kinachopita mkono kwa mkono, kila mmoja anakunywa, anafuta mdomo, anampa mwenzake. Kwa saa mbili unajisikia una ndugu. Kisha hela inakwisha, na ndugu wanakwisha. Ukianguka mtaroni usiku, ni nani kati yao anayekubeba?

SAHANI YENYE NDOANO

Dada yangu, hapa nataka tuzungumze taratibu.

Kuna sahani ya chipsi kuku ambayo ina ndoano ndani yake. Mtu mzima ana mke na watoto, anasimamisha gari, au ni kijana ana pikipiki, anasema, "Panda nikufikishe, tupite tule kidogo." Leo chipsi, kesho soda, kesho kutwa vocha ya simu. Siku ya kudai anakuja kudai, na anachodai si bei ya chipsi. Wangapi wameacha shule kwa ajili ya sahani kama hiyo? Unawajua. Uliketi nao dawati moja.

Katika kitabu cha Mwanzo sura ya 25 kuna kijana aitwaye Esau. Alirudi kutoka porini ana njaa, akamkuta mdogo wake Yakobo amepika dengu. Yakobo hakusema, "Karibu kaka, tule." Alisema tufanye biashara kwanza. Esau akauza haki yake ya mzaliwa wa kwanza kwa bakuli moja! Akala, akanywa, akainuka, akaenda zake. Shibe ya saa moja, hasara ya maisha yote.

Tofauti ni hii, ishike. Anayekupenda anakupa chakula halafu hakudai chochote. Mwindaji anakupa chakula kama vile mtu anavyomwekea panya unga kwenye mtego. Ukitaka kujua, kataa kimoja uone kama bado atakusalimia.

MIKOA YA CHAKULA, WATOTO WENYE NJAA

Sasa nakuja kwenye jambo linaloniuma.

Sisi watu wa nyanda za juu tunajisifu. Mbeya na Iringa zimehesabiwa tangu zamani kati ya mikoa inayolisha taifa kwa mahindi, pamoja na Rukwa na Ruvuma. Malori yanapanga foleni kubeba mazao yetu. Sisi ni ghala!

Lakini sikia. Utafiti wa afya wa taifa wa mwaka 2022 uliwapima watoto walio chini ya miaka mitano. Tanzania nzima, watoto 30 katika kila 100 walikutwa wamedumaa. Iringa je? Karibu 57 katika kila 100! Njombe 50. Rukwa vilevile karibu 50. Hiyo ndiyo mikoa mitatu iliyoongoza nchi nzima, na yote mitatu ni mikoa ya chakula. Ghala limejaa, na mtoto aliyelala pembeni ya ghala hakui.

Kwa nini? Wataalamu wa lishe wanasema mtoto anapewa uji mtupu na ugali mtupu. Mahindi yapo, lakini mwili wa mtoto unataka na maharage, yai, dagaa, maziwa, mboga za majani na matunda. Na mama ameondoka alfajiri kwenda shamba, anarudi jioni amechoka, mtoto ameshinda na kiporo. Yai lipo, limeuzwa. Maziwa yapo, yameuzwa. Maharage yapo, yamepakiwa kwenye lori. Hela ya yai imekwenda wapi? Wakati mwingine imenunua daftari na dawa, hilo sina neno. Wakati mwingine baba ameila baa na marafiki zake, nyama choma kilo nzima, na pilipili pembeni. Anarudi nyumbani ananukia nyama, na mtoto ananusa shati la baba.

Kijana, usiseme hilo ni la wazee. Wewe una wadogo zako. Wengine mna watoto tayari, tena mmewaacha kwa bibi. Jumamosi ulipopokea hela ya kibarua ulikula nini? Na wao siku ile walikula nini? Mimi siwezi kukujibia. Lakini Mungu aliiona sahani yako, na aliiona na ya kwao.

Na labda wewe unayesoma hapa ndiye uliyelala na njaa jana. Unabeba mizigo sokoni, na mchana wenzako wakienda kula unazunguka nyuma ya vibanda ili wasijue huna. Ndugu yangu, sikusimangi. Aibu hiyo si yako. Ni yetu sisi tuliokula bila kukuita.

YESU ALIKULA NA NANI?

Sasa njoo umtazame Bwana Yesu. Soma Injili, utashangaa jinsi alivyopenda kuketi na watu kwenye chakula. Adui zake walimwita mlafi! Na kosa kubwa walilomwona nalo lilikuwa hili: anakula na watu wabaya.

Soma Luka 19. Zakayo alikuwa mkubwa wa watoza ushuru pale Yeriko. Tajiri, lakini kila mtu alimchukia, maana aliwanyonya. Nadhani nyumbani kwake nyama ilikuwepo kila siku. Lakini ni nani wa kula naye? Alipanda mti wa mkuyu amwone Yesu, kwa sababu alikuwa mfupi. Yesu akafika chini ya mti, akatazama juu, akamwita kwa JINA LAKE, akamwambia ashuke upesi kwa sababu leo anafikia kwake. Watu wakanung'unika. Hakumhubiria kwanza saa tatu. Hakumwambia atubu kwanza ndipo aingie nyumbani kwake. Alikwenda kuwa mgeni wake. Na Zakayo akasimama mwenyewe, akasema nusu ya mali anawapa maskini, na aliowadhulumu anawarudishia mara nne. Wazee wetu husema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Siku ile mwenyeji ALIPONA kweli!

Soma Yohana 6. Watu zaidi ya elfu tano wana njaa. Wakubwa wanapiga hesabu ya hela, wanaona haitoshi. Ni nani aliyekuwa na chakula? Mtoto! Ana mikate mitano ya shayiri, chakula cha maskini, na samaki wawili wadogo. Angeweza kujificha nyuma ya jiwe akala akashiba mwenyewe. Akatoa. Yesu akashukuru, akagawa, watu wakashiba, vikabaki vikapu kumi na viwili. Jina la mtoto yule halikuandikwa, lakini chakula chake kinahubiriwa mpaka leo Mbeya na Iringa. Usiniambie wewe huna cha kutoa.

Na soma Yohana 21. Hii naipenda kuliko zote. Petro alikuwa amemkana Yesu mara tatu. Na alimkanea wapi? Sura ya 18 inasema palikuwa na moto wa makaa, baridi ilikuwa kali, Petro anaota moto na maadui. Watu wa Mafinga mnaijua baridi ya namna hiyo, inayomfanya mtu asogelee moto wowote. Sasa Yesu amefufuka. Petro na wenzake wamevua usiku kucha hawajapata kitu. Wanafika ufukweni alfajiri, wanakuta nini? MOTO WA MAKAA tena! Na samaki juu yake, na mkate. Ni nani aliyechoma? Ni Bwana mwenyewe. Mfalme wa wafalme amechutama kama mama ntilie, anapuliza makaa, anawaandalia kifungua kinywa watu waliomkimbia!

Sasa angalia vizuri. Hakumuuliza Petro neno lolote kabla hajala. Walikula kwanza. Walipomaliza ndipo akamuuliza kama anampenda. Chakula kwanza, maswali baadaye. Huyo ndiye Yesu ninayekuhubiria. Hakungoji uwe safi ndipo akuite mezani. Anakuita mezani ili akusafishe.

KIPANDE CHA SAMAKI

Nikupe ushuhuda mmoja. Katika mkutano mmoja wilayani Rungwe kijana alikuja mbele, tukaomba naye. Baada ya maombi hakuondoka. Akasema, "Mtumishi, nina kaka yangu wa tumbo moja. Mwaka wa nne huu sijala kwake." Baba yao alifariki akaacha kishamba cha chai, na wao wakagombana. Nyumba zao ziliachana hatua hamsini. Hata chumvi hawakuazimana.

Nikamwambia, tutakwenda pamoja. Akanunua mchele kidogo na sabuni. Jioni tukapiga hodi. Shemeji yake alipotuona alinyamaza, akaupokea mfuko, akaingia jikoni. Kaka mtu akatupa viti, naye akakaa anatazama nje. Hakuna aliyesema kitu. Mvua ikaanza.

Chakula kikaja. Ndizi, na samaki mmoja. Yule mama alikuwa na akili za Mungu, maana aliweka vyote kwenye sahani moja kubwa. Ndugu wale wakalazimika kuinama pamoja. Wakala kimya, kila mtu upande wake, kama nchi mbili zenye mpaka. Mara nikaona mkono wa kaka mtu unakata kipande kizuri cha samaki, kile cha mgongoni, anakisogeza taratibu upande wa mdogo wake.

Basi. Hakusema, "Nimekusamehe." Kipande cha samaki kilisema. Mdogo mtu aliacha kula, akalia palepale mbele ya watoto.

Sikudanganyi kwamba shamba liligawanywa usiku ule. Ilibidi wazee wakae, tena wakae sana. Lakini sasa walikuwa ndugu wanaozungumza juu ya shamba. Kabla ya hapo walikuwa shamba tu lenye watu wawili wanaochukiana.

FANYA MAMBO MATATU WIKI HII

Kwanza, kuna mtu mmoja ambaye umeacha kula naye. Jina lake limekuja kichwani sasa hivi, si ndiyo? Baba yako, dada yako, rafiki mliyegombana kwa ajili ya hela. Usingoje maneno mazuri. Beba kitu, hata muwa, hata mahindi mawili ya kuchoma. Piga hodi. Kama kuna mtu aliyekupiga au kukuharibu, sisemi uende peke yako mikononi mwake. Nenda na mzee wa kuaminika, au msamehe ukiwa mbali.

Pili, ukinunua chakula, mtazame aliye karibu nawe. Neno "karibu" tulilofundishwa na mama zetu siku hizi tumelifanya salamu tu. Tunasema "karibu" huku tumeshika sahani kwa mikono miwili, macho kwenye simu, tunaomba ajibu "asante, nimeshiba"! Lisema kwa kweli. Sogea kwenye benchi. Mla cha mwenzie na chake huliwa.

Tatu, yai moja lisiuzwe. Mpe mdogo wako. Mpe mwanao. Keti chini umlishe mwenyewe, umwone anavyotafuna. Hiyo nayo ni ibada.

Najua utasema, "Mtumishi, nimejaribu, moyo wangu ni mgumu." Ndiyo! Na hapo ndipo panapohitajika wokovu. Mkono hauwezi kufunguka kama moyo umefungwa. Uroho, chuki, kiburi, havitoki kwa mtu kujitahidi. Vinatoka Yesu akiingia. Ufunuo sura ya 3 inatuonyesha Yesu amesimama nje ya mlango wa moyo, anabisha. Na anataka nini akiingia? Anataka KULA NAWE, na wewe ule naye. Havunji mlango. Kitasa kiko upande wako.

SALA

Kama umesikia hodi hiyo, sema maneno haya kwa sauti, hata kama uko stendi:

Bwana Yesu, nimekula peke yangu siku nyingi. Nimefunga mlango wangu kwako na kwa wenzangu. Nisamehe dhambi zangu zote. Leo nafungua, ingia uketi nami. Nifundishe kugawa, nifundishe kusamehe, unipe nguvu ya kwenda kwa yule niliyemkimbia. Na siku ya karamu yako kubwa mbinguni, usikose kuniita. Amina.

Umesema? Haleluya! Sasa tafuta kusanyiko la waamini wanaopendana, wanaolishika Neno na kumkumbuka mwenye njaa. Ukifika na wasipokukaribisha, waonyeshe karatasi hii.

Na sasa inuka, ndugu yangu. Jua linazama, kuna nyumba moja moto unawashwa, na kuna mtu hapo hajui kwamba unakuja. Nenda ukapige hodi kabla ugali haujapoa.